Rubani akisema amechoka

Nilirusha ndege za abiria kwa miaka 22. Tangu nistaafu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini marubani hawaishi kuvutana na kampuni zao. Leo najibu barua tano.

Nimesoma kwamba Ulaya rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 900 kwa mwaka. Mimi nafanya kazi zaidi ya saa 2,000. Wanalalamikia nini?

Hizo 900 ni saa za ndege, si saa za kazi. Huanza kuhesabiwa ndege inaposogea kutoka ilipoegeshwa, na huisha inapoegeshwa tena. Kabla ya hapo rubani amekwisha kusoma hali ya hewa, amekubaliana na mwenzake kiasi cha mafuta, ameizunguka ndege kwa miguu kukagua magurudumu na injini. Kati ya safari na safari anasubiri. Chukua siku yangu moja ya safari nne fupi: niliingia kazini saa kumi na moja alfajiri, nikatoka saa kumi jioni. Kitabu changu cha safari kinaonyesha saa 5 na dakika 40. Mkataba ukiwa unalipa kwa saa za ndege tu, ukungu ukaizuia ndege asubuhi nzima, hasara inamwangukia rubani. Ugomvi mwingi huanzia hapo, na kwa hilo mimi niko upande wao.

Shikamoo kapteni. Ni rubani msaidizi, mwaka wa pili. Wiki iliyopita nilitoa taarifa kwamba nimechoka mno, siwezi kuruka. Safari akapewa mwingine, lakini nimeitwa ofisini kujieleza na malipo ya siku ile yamekatwa. Nilikosea?

Marahaba. Hukukosea hata kidogo, na barua yako imeniuma.

Ubaya wa uchovu ni kwamba aliyechoka hajioni. Usiku mmoja, ukiwa wa tatu mfululizo kazini, mwongozaji wa ndege aliye ardhini alinipa masafa mapya ya redio. Mdomo wangu uliyarudia sawasawa, mkono ukaweka mengine. Mwenzangu akanigusa bega. Sikuwa nimesinzia, macho yalikuwa wazi na nilijiona mzima kabisa.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Lakini waliona pia kwamba rubani msaidizi alisafiri usiku kucha, akivuka nchi kuja kazini, na kwamba kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wakahitimisha kwamba huenda uchovu uliwaathiri wote wawili.

Baada ya ajali ile kanuni za Marekani ziliandikwa upya, zikaanza kutumika Januari 2014. Rubani hupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya saa 8 za kulala bila kukatizwa. Kikomo cha zamu yenyewe ni kati ya saa 9 na 14 kwa marubani wawili, kutegemea inaanza saa ngapi na ina safari ngapi. Tena kabla ya kila safari rubani anathibitisha kwamba yuko sawa kuruka. (Ndege za mizigo ziliachwa nje ya kanuni hizo. Sijawahi kuukubali uamuzi huo: zinapita juu ya nyumba zilezile.) Uthibitisho wa namna hiyo hauna maana kama anayesema "siko sawa" anakatwa pesa. Wenzako wameona ulichofanyiwa, na safari ijayo watanyamaza.

Usiende ofisini peke yako. Nenda na mwakilishi wa chama cha marubani. Beba nakala ya ratiba ya wiki mbili zilizotangulia, na uandike leo, kabla hujasahau, ulilala saa ngapi kila usiku. Kama mamlaka ya usafiri wa anga nchini mwako inapokea taarifa za siri, peleka na huko.

Mbona migomo hupangwa wakati abiria ni wengi? Si ukatili huo?

Inaumiza, sikatai. Marubani wa SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, waligoma Julai 2022, likizo zikiwa zimepamba moto, kwa siku 15. Wa British Airways waligoma siku mbili Septemba 2019 na karibu safari zote zikafutwa. Lakini kabla ya mgomo huwa kumetangulia miezi ya mazungumzo ambayo abiria hayasikii. Marekani sheria inataka wapitie usuluhishi, na wakiruhusiwa kuachana nao wasubiri tena siku 30. Na si kila mgomo ni wa nyongeza ya mshahara: wa Kenya Airways, Novemba 2022, ulihusu pia michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyokuwa imesitishwa. Ninachowalaumu wenzangu ni kutangaza usiku wa manane mgomo wa asubuhi. Abiria apewe siku za kujipanga.

Je, marubani wenyewe hugombana?

Sana, na hasa juu ya orodha ya ukongwe kazini. Nafasi yako kwenye orodha ndiyo inayoamua utakuwa kapteni lini, utarusha ndege gani na utapumzika sikukuu ipi. Kampuni za Marekani, US Airways na America West, zilipoungana mwaka 2005, marubani wa pande mbili walishtakiana kwa miaka mingi juu ya nani atangulie.

Mume wangu ni rubani. Siku sita kila mwezi yuko zamu ya kusubiri kuitwa, na hatuwezi kupanga hata kumpeleka mtoto hospitali. Kampuni inasema ile si kazi kwa sababu yuko nyumbani.

Dada, mtu asiyeweza kuondoka, anayelala simu ikiwa kifuani, yuko kazini. Chama chake kidai mambo mawili kwenye mkataba: zamu hizo zilipwe hata asipoitwa, na ziwe na saa ya kuanza na ya kumaliza badala ya mchana kutwa na usiku kucha. Mpaka hapo, ratiba ya mwezi ikitoka, kaeni pamoja mzihesabu siku zake za mapumziko na mziandike zenu. Akipigiwa simu kuombwa auze moja, yaani aifanyie kazi kwa malipo, anaruhusiwa kukataa. Na akirudi asubuhi kutoka safari ya usiku, funga mapazia, na simu yake ukae nayo wewe.