Modeli ya kompyuta na malisho ya aina nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga ng'ombe wa maziwa kwenye miinuko ya Uporoto, nikitegemea malisho ya asili. Bwana mifugo ametuambia kuwa modeli za kompyuta zinaonyesha faida ya malisho yenye mimea mingi kuliko nyasi ya aina moja iliyotiwa mbolea. Kompyuta inayajuaje malisho yangu?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Haiyajui, mpaka ipewe vipimo. Modeli ya namna hiyo ni hesabu zinazofuatilia, siku baada ya siku, jinsi kila kundi la mimea linavyogombea mwanga, maji na naitrojeni, na linavyochipua baada ya kukatwa au kuliwa. Kutokana na hayo hukadiriwa wingi wa majani, kaboni inayobaki udongoni, hata maua yanayopatikana kwa nyuki. Jamii ya mikunde huwa na uzito mkubwa katika hesabu hizo, kwa kuwa bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani.

Modeli hizi hupimwa kwa majaribio ya shambani. Huko Jena, Ujerumani, tangu mwaka 2002 viwanja vimepandwa aina moja hadi 60 za mimea kila kimoja, na kwa wastani vyenye mchanganyiko vimetoa majani mengi zaidi. Huko Rothamsted, Uingereza, jaribio lililoanza 1856 limeonyesha kuwa mbolea ya salfeti ya amonia (SA), ikitiwa mwaka hadi mwaka bila chokaa, huongeza tindikali udongoni na kufukuza aina nyingi za mimea.

Hata hivyo, ukihitaji wingi wa majani tu, mabingobingo yenye samadi ya kutosha yatayashinda malisho yako ya asili. Faida ya mchanganyiko huonekana unapohesabu pia mbolea usiyonunua na udongo usiochukuliwa na mvua. Tena Ulaya hakuna kiangazi chetu cha Juni hadi Oktoba wala desturi ya kuchoma nyasi. Mwulize bwana mifugo kama hayo yamo katika hesabu zake.

Ukitaka kumpa takwimu, tengeneza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, kata kwa mundu kila kilichomo, tenga mafungu ya nyasi, mikunde na mimea mingine, yakaushe, kisha uyapime. Majani mabichi ya msimu wa mvua hudanganya mizani, maana sehemu kubwa ni maji. Rudia mahali kadhaa, pamoja na pale palipokanyagwa na ng'ombe.