Ule muziki wa Mario aliutunga nani?

SWALI: Shikamoo anko. Mi natengeneza biti hapa Morogoro, laptopu yangu ya kizamani, nikifika traki ya 6 tu inaganda. Juzi mdogo wangu kapakua lile gemu la Mario la zamani kwenye simu, nikajikuta nauimba ule muziki mwanzo mpaka mwisho wakati mara ya mwisho kuusikia nilikuwa darasa la tatu, tunacheza kwa jirani zile gemu za kaseti za kuchomeka kwenye TV. Nani aliutunga? Alisomea muziki? Na mimi na mashine hii nisubiri nipate hela ya nyingine au? – Produsa, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo ni Koji Kondo, Mjapani wa Nagoya, kazaliwa 1961. Kinanda cha umeme alianza kujifunza ana miaka 5 hivi, baadae akapiga kwenye bendi, akasoma chuo cha sanaa Osaka, na akiwa hapo hapo chuoni akaona tangazo la kazi la Nintendo, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza hilo gemu la Mario, akaomba, akaingia 1984. Mario ikatoka 1985, yaani mwaka mmoja tu kazini.

Sasa hiyo ishu ya mashine ndo nataka tuiongelee vizuri, maana we una traki 6 na unajiona masikini, Kondo kwenye Mario alikuwa na sauti 4 tu za kulia kwa pamoja. Mbili za kupiga melodi, moja ya besi, na moja ni kelele tu, shshsh, hiyo akaikatakata ikawa ndo ngoma. Gemu zima, picha, muziki na kila kitu, lilikuwa kilobaiti 40, picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hilo mara nyingi sana. Na hata hizo 4 hakuwa nazo muda wote! Chukua simu ya mdogo wako, vaa earphone, sikiliza Mario anaporuka: ule mlio wa kuruka unaazima sauti moja ya muziki, melodi ya pembeni inapotea kidogo halafu inarudi. Umecheza utoto wako wote hujawahi kusikia pengo, kwa sababu muziki wenyewe umeshonwa hivo kwamba ukitoa uzi mmoja nguo haifumuki. Mi hapo huwa navua kofia kabisa.

Afu kitu kingine, wimbo wa kwanza aliouandika kwa ajili ya pale nje kwenye majani alikuja kuutupa. Ulikuwa umepoa, ukiangalia Mario anavyokimbia na kuruka haviendani, basi akarudi mwanzo akatunga upya huku anaangalia gemu lenyewe linavyochezwa. Ndo maana hata vidole vyako vinakumbuka ule wimbo, ulitungwa kufuata mkono wa anayecheza. Ule wa chini ya maji yeye anasema haukumsumbua, akaupa mwendo wa waltz, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na ukicheza kweli unaona kama unaelea.

Kwenye Zelda ya 1986, gemu lingine la Nintendo, alipanga kutumia Bolero, muziki wa orkestra wa Mfaransa Ravel, dakika za mwisho wakagundua hakimiliki yake bado haijaisha, akakaa usiku mmoja akatunga wimbo mwingine na ndo huo watu wanaupiga na orkestra mpaka leo. 1998 akaja na Ocarina of Time, gemu lingine la Zelda, humo mchezaji anapuliza filimbi kwa vibatani, noti 5 tu, na kwa hizo 5 akatoa nyimbo kibao ambazo watu wanazikumbuka hadi leo.

2023 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliuweka ule wimbo wa Mario kwenye orodha ya rekodi za kutunzwa, muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo. Na mwaka huo huo Kondo alikuwa bado yupo kazini kwenye Mario mpya.

Kwa hiyo usisubiri hela mwanangu. Fungua hiyo hiyo laptopu, jiwekee traki 4, mbili melodi, moja besi, moja ngoma, halafu mwambie mdogo wako acheze gemu mbele yako ukiwa umezima sauti na we utunge unamwangalia yeye. Ikikataa kuendana na anavyoruka, futa anza tena. Ukimaliza nitumie niisikie.