Usinunue spika za inchi 8 kabla hujakipima chumba

Usinunue. Umeuliza uchukue spika za monita, zile za kuchanganyia muziki studio, za inchi 5 au za inchi 8 kwa chumba cha mita 3 kwa 3, na tayari unaegemea inchi 8 "ili usikie besi yote". Maneno hayo hayo niliyatamka mbele ya muuzaji mmoja wa Kariakoo, naye, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaniapia kwamba inchi 8 haidanganyi, akapokea akiba yangu ya miezi minane bila kuniuliza chumba changu kina ukubwa gani.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mawimbi ya hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, yana urefu wa mita 6 hivi, na yanapodunda kati ya kuta zilizoachana mita 3 hurundikana kwenye kuta na kufifia katikati ya chumba. Mimi kiti nilikiweka katikati kabisa, kama mwenyekiti wa kijiji. Kiki, yaani ngoma kubwa ya mdundo, na besi hukaa humo humo karibu na hezi 57. Sikuzisikia, nikaziongeza desibeli 6, yaani nguvu mara nne, nikamkabidhi mteja kazi yake kwa fahari. Wimbo ulipopigwa kwenye harusi huko Mbagala, MC alimtuma kijana nje akazime jenereta. Ukumbi ule haukuwa na jenereta.

Kisha wajuzi wakanishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nilikula mayai hadi jirani akaniuliza nafuga wapi, na besi haikupungua hata chembe, kwa sababu trei hugusa sauti nyembamba tu.

Chumba kwanza, spika baadaye. Weka pamba ya mawe, ile ya nyuzi za mwamba inayonyonya sauti, yenye unene usiopungua sentimita 10 kwenye kona, uifunike kwa kitenge, na usogeze kiti hadi mita 1.15 hivi kutoka ukuta wa mbele, kisha upime kwa programu ya Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure. Kama fedha zinakuwasha mfukoni, chukua hedifoni za mgongo wazi kama Sennheiser HD 600, maana hizo hazijui chumba chako ni cha mraba.

Spika zangu ni zile zile hadi leo. Besi niliyoililia ilikuwa nyuma yangu muda wote, kwenye kona ya kabati la nguo.

Pima na dari pia. Ikiwa nalo liko mita 3 kutoka sakafuni, hezi 57 zile zile zitarundikana pande zote tatu, kwa hiyo niandikie kabla hujatoa hata shilingi.