Viti vya wanawake, saa za mkutano na bajeti ya kaunti

Barua za wiki hii zimegusa jambo moja ambalo nami linanikera na kunipa matumaini kwa pamoja: nafasi ya mwanamke katika serikali ya kaunti yetu ya Mombasa.

*Mbona wanawake wapewe viti vya bure Bunge la Kaunti, na sisi vijana tunahangaika na kampeni? (Kijana wa Kisauni)*

Ndugu yangu, Katiba ya Kenya ya 2010 haikusema "wanawake". Imesema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Wanaume wakija kuwa wachache, kanuni hiyo hiyo itawafaa wao. Tupige hesabu. Mombasa ina wadi 30, na kila wadi huchagua mwakilishi mmoja. Wakishinda wanaume watupu, itabidi waongezwe wanawake 15, ili wanaume wawe 30 kati ya 45. Wakishinda wanawake 6, wanaume wanabaki 24, na hapo wateule 6, yaani wanawake wanaoingia bila kupigiwa kura, wanatosha. Wakishinda wanawake 10, hahitajiki mteule hata mmoja kwa sababu ya jinsia. Kwa hivyo ukiona viti maalumu vinakula kodi yetu, dawa iko kwenye kura yako: mchague mwanamke wadini kwako.

Linaloniuma mimi ni jingine. Viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi vilizoshinda, na majina hutoka kwenye orodha za vyama vyenyewe. Mama aliyeendesha chama cha akina mama mtaani miaka nenda miaka rudi hata hajui orodha ilipangwa lini.

*Mwakilishi mteule ana kura bungeni, au yuko pale kupamba? (Bi. wa Likoni)*

Anayo, sawa na mwenye wadi. Mbaneni kama mnavyombana yule mliyemchagua.

*Mume wangu asema siasa si kazi ya mwanamke wa Pwani. Nimjibu vipi? (Dada wa Mji wa Kale)*

Mjibu kwa upole, dadangu, kwa yale anayoyajua mwenyewe. Wazee wetu husimulia kwamba kabla ya mtawala Shehe Mvita mji huu ulikuwa na malkia, Mwana Mkisi. Tuje karibu zaidi: Mishi Mboko aliingia 2013 kama Mwakilishi wa Wanawake wa Mombasa, na 2017 akasimama na wanaume Likoni akashinda ubunge. Ukivuka feri ukaendelea kusini unafika Kwale, ambako Fatuma Achani alikuwa naibu gavana, na 2022 wananchi wakamchagua gavana. Wote wawili ni wanawake wa hapa hapa Pwani.

*Huwa tunasikia bajeti ya kaunti imeshapita. Wanawake tunaingilia wapi? (Muuza viazi karai, Majengo)*

Hapa ndipo penye uzito. Nilihudhuria mkutano mmoja wa maoni ya bajeti, ulioitwa saa nne asubuhi. Viti vya mbele vilijaa wanaume. Nyuma, mama mmoja alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, mkononi kakunja karatasi yenye maombi mawili: taa ya njia ya kisimani na choo cha wanawake sokoni. Kipaza sauti hakikumfikia. Saa sita akaondoka, biashara ilikuwa ikimngoja. Karatasi aliondoka nayo.

Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na mkutano unaoitwa saa za sokoni huwaacha nje walio sokoni. Daini uitwe alasiri, karibu na mtaa wenu. Na msingoje tangazo: makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla yake, kufikia mwisho wa Februari, huja waraka wa sera ya fedha unaopanga kila idara ipate kiasi gani. Februari ndiyo yenu, kwa sababu ikifika Aprili fedha nyingi huwa zishapata mwenyewe.

Kama hamwezi kufunga biashara, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: mnataka nini, mahali gani, wangapi watanufaika, na sahihi zenu chini. Toeni nakala mbili. Moja mwachieni karani wa bunge, ya pili agonge muhuri wa kupokea mrudi nayo.