Mtoto si gunia la korosho

Mwanangu ametimiza miaka 7. Baba yake anasema sasa ni wake kisheria. Kweli? (Newala)

Hapana. Nimelijibu hili msimu uliopita na msimu wa kabla yake, lakini kijiweni bado linatembea. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Hakisemi kwamba akifikisha 7 baba aje na bodaboda kumbeba. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Ndipo yanatazamwa matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza, na mila.

Mjomba anasema sisi Wamakonde watoto ni wa ukoo wa mama, mahakama haituhusu. (Tandahimba)

Mila zimo, ila haziupiti ustawi. Mjomba aje atoe ushahidi: mtoto analala wapi, daftari ananunua nani.

Nimenyimwa kumuona mtoto, nami nimesitisha matunzo. Nimekosea? (Masasi)

Sana. Matunzo si kiingilio cha kumuona mtoto. Ni ugali wake. Ukinyimwa, rudi mahakamani uombe amri ya kumtembelea, yenye siku na saa. Ukiandikiwa "wikiendi" tu, mtagombana kila Ijumaa. Na uache ushahidi. Niliwahi kumwona baba mmoja amefika na daftari limejaa: mchele kilo 10, sare, viatu vya shule. Risiti hakuna hata moja. Mama akasema hajapokea kitu, kikawa kimya. Tuma kwa simu, meseji usifute.

Kina mama nanyi, kumficha mtoto kwa bibi Nachingwea mpaka hela ya korosho itoke kunawageukia wenyewe. Kipato cha baba kikipanda, omba amri ibadilishwe, sheria inaruhusu. Na wewe baba unayeapa mwezi wa sita kwamba huna kitu, hakimu wa huku anajua minada inaanza Oktoba.

Hatukufunga ndoa. Naweza kudai matunzo? (Lindi mjini)

Ndiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuulizi cheti cha ndoa. Anza kwa afisa ustawi wa jamii. Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA.

Nataka talaka na nikae na watoto. Niende mahakamani moja kwa moja? (Ruangwa)

Pitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au, kwa Waislamu, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Bila Fomu Namba 3, yaani hati ya baraza kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, kwa kawaida unarudishwa, na nauli imeshaliwa.