Virusi havinasi kwenye chujio

SWALI: Tunapima maji ya chemchemi hapa Arusha kwa chujio lenye chaji chanya. Virusi tunavyotia kwa majaribio haturudishi hata nusu. Tunakosea wapi?
Fundi sanifu maabara, Sanawari

JIBU: Anzeni na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji. Vitundu vya chujio hilo ni vikubwa kuliko virusi. Kinachovishika hasa ni chaji. Virusi vingi huwa na chaji hasi maji yakiwa kwenye pH 6 hadi 7.5. Sasa, maji mengi ya miteremko ya Meru yana alkali, na pH ikipita 8 mshiko hulegea. Ishusheni kwa asidi hidrokloriki kidogo kidogo, huku mkikoroga. Maji ya bomba yenye klorini yatieni kwanza sodiamu thiosalfeti, iondoe klorini, la sivyo itaviua virusi na mtakusanya maiti.

Kung'oa virusi kutoka kwenye chujio ndiko wengi wanakoharakisha. Tumieni dondoo ya nyama ya ng'ombe asilimia 1.5 yenye glisini, pH 9 hadi 9.5, iloweshe chujio dakika kadhaa kabla ya kuisukuma. Kisha rudisheni dondoo iliyotoka kwenye pH 7 hadi 7.5 papo hapo, maana alkali ikikaa huua virusi.

Matope? Tangulizeni chujio la awali, ila virusi vilivyoganda kwenye udongo vitabaki humo.