Simba wa Nane Nane Uyole: ukiwa na watoto, toka nyumbani gizagiza

Dada, umeuliza kama mkitoka Mwanjelwa saa tatu asubuhi mtawahi banda la wanyama kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane hapa Mbeya, ukiwa na wa miaka minne na wa miaka saba ambao mwaka jana walirudi nyumbani wananuna kwa kumkosa simba. Jibu ni hapana. Kwa uzoefu wangu, saa tatu ndiyo mabasi ya shule yanaanza kushusha wanafunzi, na wakishapanga mstari mbele yako, mtoto wako mdogo atachoka hajaona hata fisi.

Wanangu nawapeleka viwanja vya John Mwakangale, maonesho yanakofanyika, tangu mkubwa yuko mgongoni. Watu wengi husema nenda mapema ukwepe foleni. Ni kweli, ila kwangu hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni simba mwenyewe. Mnyama huyu anaweza kulala hadi saa ishirini kwa siku, na muda wake wa kuchangamka ni usiku, alfajiri na jioni. Ukimkuta saa moja na nusu, ile baridi ya Uyole bado inauma, yuko macho, anazunguka kona hadi kona, anapiga miayo meno yote nje. Siku nyingine ananguruma. Porini sauti hiyo husikika hata kilomita nane, sasa fikiria umesimama hatua chache tu kutoka ilikotoka! Ukija saa sita unaoneshwa mgongo na mkia, halafu mtoto anakuuliza kwa sauti mbele za watu, "Mama, amekufa?"

Kuhusu siku: maonesho ni tarehe 1 hadi 8 Agosti, na wewe tarehe 8 iache. Hiyo ni siku ya wakubwa na hotuba. Mwaka 2022 na 2023 kilele cha kitaifa kilikuwa hapa hapa Mbeya na Rais alikuja. Mwenye mtoto mdogo ajue siku ya namna hiyo ni ya ukaguzi getini na kusimama juani. Hata mwaka ambao kilele cha kitaifa kiko mkoa mwingine, siku hiyo Tukuyu, Chunya na Mbarali wote wako Uyole. Tarehe 1 nayo siipendi, utakuta wenye mabanda bado wanagonga misumari. Chagua siku ya kazi ya katikati, tarehe 3 hadi 5, ukiangalia isiangukie wikiendi.

Mwezi wa nane jua la Mbeya linachomoza kwenye saa moja, kwa hiyo mtatoka gizagiza na baridi kweli. Sweta, kofia, soksi, na nguo nyepesi ndani, maana ikifika saa tano watoto wanavuja jasho na vumbi limewajaa puani. Wapige chai nzito na viazi nyumbani kabisa. Ukisema watakula kule, utaanza siku kwenye foleni ya chipsi. Panda daladala ya kwanza kwanza ya Uyole, kabla malori ya njia ya Tunduma hayajaziba barabara. Wanaotoka Tukuyu wana raha, barabara yao inatokea pale pale Uyole bila kugusa mjini. Na beba noti ndogo ndogo, usikwame dirishani unasubiri chenji ya elfu kumi huku nyuma yako watu wanakohoa kwa makusudi.

Sasa sehemu inayowashinda wazazi wengi: kutoka getini hadi kwa simba. Njiani kuna kila mtego. Kuna puto, kuna muziki, kuna yule kijana aliyevaa mdoli mkubwa wa ng'ombe anayesalimia watoto kwenye banda la maziwa (wangu mdogo alimkimbia huyo, halafu simba wa kweli akamkodolea macho bila wasiwasi, sijui watoto wanapimaje hatari). Patana nao tangu nyumbani: kwanza simba, mengine yote baadaye. Ukisimama dakika tano kwenye trekta, umesimama nusu saa.

Mkifika, jueni harufu itawatangulia. Waambie mapema kwamba simba ananuka, la sivyo mdogo atagoma kwa ajili ya pua, si kwa woga. Asikimbie wala kurukaruka mbele ya uzio, kwa sababu paka wakubwa huvutwa sana na kitu kidogo kinachokimbia, na simba akimgeukia ghafla hata wewe utaruka. Mbebe begani, usimpitishe mbele ya kizuizi eti apate picha nzuri. Simu zima mwanga wake. Piga video kuliko picha, nyavu huwa zinaharibu picha nyingi. Waliopo pale kuwalinda wanyama waulizeni maswali asubuhi hiyo hiyo; kabla ya umati wanajibu kwa raha, hata swali la simba anakula kilo ngapi.

Kwenye mfuko wa kila mtoto weka karatasi yenye namba yako ya simu, na mkubwa aikariri. Saa nne umati ukishamiminika, spika za uwanjani hazikosi tangazo la mtoto aliyepotea.

Baada ya simba ndipo wapande trekta, waone ng'ombe wa maziwa na samaki kwenye matangi. Mimi hupitia na mbegu za viazi na maharage za TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, watoto wanalalamika lakini hapo ni zamu yangu. Saa sita tunaondoka. Muda huo daladala za kurudi Mwanjelwa zina viti, kwa sababu watu wote bado wanakuja.